Kwa vijana ambao wake zao wako Ghuba

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaolea watoto peke yenu Kayole, Kawangware na hapa Kariobangi huku wake zenu wakifanya kazi za nyumbani Riyadh, Jeddah na Doha. Lalamiko lenu nalisikia kila siku: "Hapokei simu, lazima ana mtu."

Tulieni kwanza. Saa ya Riyadh na ya Nairobi ni moja. Ukimkosa saa nne usiku, huko nako ni saa nne, na huenda bado yuko jikoni. Mwezi wa Ramadhani ndiyo usiseme, kazi inaanzia futari inafika daku. Tena yuko chini ya kafala: kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri, na wako waajiri wanaonyang'anya simu. Ukizimaliza kwa ugomvi zile dakika chache alizozipata, kesho atasita kupiga.

Mtumieni sauti, azisikilize akishajilaza. Msimulizie mambo madogo: mtoto ameng'oka jino, mvua imepiga mabati usiku kucha, mama mboga amemuulizia. Habari kubwa ataletewa na watu wengine. Hizi ndogo hana wa kumpa ila wewe.

Sasa pesa, na hapa siwafichi. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, pesa nyingi zilifika kwa bahasha mikononi mwa ndugu au makanga wa basi, na shahidi alikuwepo. Leo zinaingia kwenye simu yako kimya kimya. Basi mwambie siku hiyo hiyo zimekwenda wapi: karo, kodi, akiba. Asingoje kuambiwa na dada yake. Nimeona ndoa zikivunjika bila hawara yeyote, ni ploti tu iliyoandikishwa kwa jina la mume peke yake. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwenu nyinyi lake liwepo, kwa maandishi.

Upweke upo, sikatai. Mwambie yeye kwamba umemkumbuka, usiende kumwambia jirani.

Mikataba mingi huko ni ya miaka 2. Kabla hajaongeza mwingine, amueni pamoja anarudi lini na mtaishi kwa kazi gani akisharudi. Nawajua walioongeza mara ya pili kwa sababu mume hakuwahi kuwapa jibu la swali hilo. Kama Ijumaa ndiyo siku yake ya kupumzika, anzeni kuzungumza Ijumaa hii.

Ni mimi mama yenu,
Kariobangi