Barua kwa shoga yangu wa Lamu: bei ya tovuti

Malindi

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, na mama na watoto hawajambo. Sisi huku alhamdulillahi. Ujumbe wako umenifikia, na kwa kuwa jambo lenyewe halijibiki kwa maneno mawili ya simu, nimeona nikuandikie.

Wasema mzee wa nyumba ya wageni ya Shela ataka tovuti ya kurasa saba, kwa Kiingereza na Kiitaliano, yenye picha za vyumba na fomu ya kuagiza chumba, nawe wafikiri kumwambia shilingi 15,000 kwa sababu yuko kijana aliyemtajia 12,000. Tafadhali usimtajie bado. Najua kinachokutatiza ni muhali: mzee ni jirani, na marehemu baba alikuwa mtu wake. Lakini muhali haujui kazi ina saa ngapi.

Chukua daftari kwanza. Andika unachohitaji nyumbani kwa mwezi, chakula, kodi ya nyumba, ada za skuli, dawa, tuseme 60,000. Tia na gharama za kazi: intaneti, umeme, programu za kulipia, na kitu kidogo cha kuweka kwa ajili ya laptopu ambayo itakufa siku moja, 15,000. Kisha ongeza 25,000 ya kodi ya serikali na akiba ya miezi mikavu, maana wajua Aprili hadi Juni pwani yetu huwaje, mvua inanyesha, bahari imechafuka, hoteli nyingine zafunga milango kabisa. Jumla 100,000. Sasa usiigawanye kwa saa 160 kama mtu wa ofisini. Karibu nusu ya saa zako zaenda kutafuta wateja, kujibu simu, kufuatilia pesa na kujifunza, na hizo hakuna anayekulipa. Zilizobaki ni 80. Gawanya: 1,250 kwa saa. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako, ila njia ni hiyo.

Halafu hesabu saa za kazi ya mzee bila kujidanganya. Kuchora kurasa na kuzijenga ndiko sote tunakokumbuka. Tunakosahau ni kupiga picha na kuzipunguza uzito zifunguke hata kwenye simu ya bando dogo, kusubiri maelezo ya vyumba ambayo mwishowe utayaandika mwenyewe, kuijaribu fomu, kumfundisha meneja kubadilisha bei msimu ukigeuka. Ukipata saa 50, ni 62,500. Kwa 15,000 ungekuwa wafanya kazi kwa 300 kwa saa, na hapo bei yote ni yako peke yako. Mtafsiri wa Kiitaliano hajalipwa. (Huyo mwandike kando. Huku Malindi wanaokijua Kiitaliano wako wengi, nitakutafutia.)

Najua 62,500 itakutisha mdomoni. Basi itazame kwa upande wa mzee. Tuseme chumba chake ni 8,000, wageni wawili wakalala siku nne: 32,000. Wakija kupitia mitandao ya kuuza vyumba inayokata kamisheni ya asilimia 15, 4,800 imeondoka. Makundi 13 ya namna hiyo yakimwagiza mwenyewe kupitia tovuti yake, karibu yameshalipa bei yako yote, na tovuti bado ipo. Mweleze hesabu hiyo kwa upole. Ila usimwahidi kwamba tovuti itamletea wageni kwa nguvu zake. Atahitaji kuwaelekeza wateja wake huko, na hilo ni juu yake.

Akisema ni ghali, usishushe bei, punguza kazi. Kiitaliano kingoje mwaka ujao, kurasa ziwe tatu, picha atoe zake. Hapo bei ishuke kwa haki, na kila mmoja aone kilichoondoka. Nenda kwa fundi wa nakshi hapo mjini umuulize bei ya mlango: atataka kujua mbao gani, upana gani, nakshi nyingi au chache, ndipo ataje. Hakuna anayemwona ana kiburi.

Na hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu huku nalisikia kila siku: mteja akiwa mzungu, bei izidishwe mara tatu. Mimi silikubali. Kazi ileile, saa zilezile, bei ileile. Akitaka zaidi, malipo ya mtandaoni au lugha ya tatu, hapo alipe zaidi, kama ambavyo mzee wa Shela angelipa. Akitaka kulipa kwa yuro, andika shilingi kwenye makadirio ya bei unayompa, pamoja na kiwango cha kubadilishia, msije mkagombana soko likicheza. Na madrasa wakija kuomba, ukipenda wafanyie bure kabisa, lakini waandikie bei kamili kisha uandike kuwa umeisamehe. Wajue ulichowapa.

Kabla hujagusa kazi, karatasi iwepo, hata ya ukurasa mmoja: kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi (mimi hutoa mbili, ya tatu ni kwa saa), nani analeta picha na lini. Nusu iwe arbuni, robo mchoro ukikubaliwa, robo kabla tovuti haijafunguliwa kwa watu. Usikubali neno la "nitakulipa msimu ukianza". Kama mwezi wa Mei hana pesa, mgawie mafungu madogo yenye tarehe, lakini la kwanza litangulie. Domeini ya .co.ke (jina la tovuti) na sava (kompyuta inakokaa tovuti) hulipiwa kila mwaka. Ziandikishwe kwa jina lake na azilipie yeye. Utunzaji baada ya hapo ni mkataba mwingine wa kila mwezi.

Kama nyumba ile imesajiliwa kuwa kampuni, huenda wakakata asilimia 5 ya ada yako kuwa kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayekulipa huikata na kuipeleka serikalini kwa niaba yako. Usishtuke, lakini dai cheti chake, maana pesa hiyo huhesabiwa kuwa umeshaitoa ukijaza ritani (taarifa za kodi) za KRA, mamlaka ya kodi.

Yule kijana wa 12,000 mwache. Huenda hajahesabu bado, au kazi anayoitoa ni ndogo kuliko yako. Mzee akimchagua, muombee heri.

Andika makadirio hayo wiki hii unitumie kabla hujayapeleka Shela, nitayapitia mstari kwa mstari. Na nambie saa zako zimetoka ngapi. Nashuku 50 ni chache.

Mama mpe salamu zangu nyingi.

Wasalaam,
Shoga yako wa Malindi