Mwendo huru unahitaji mwamuzi

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaobuni michezo ya mbinu hapa Dodoma, ya mezani na ya simu, wanaukimbia ubao wa vyumba, yaani uliogawanywa kwa miraba au maumbo mengine ambayo kete huhesabiwa hatua chumba hadi chumba. Wanaamini mwendo huru, yaani kete inayokwenda popote na mwendo wake kupimwa kwa rula, unakaribia zaidi vita vya kweli, hasa uwanja ukiwa wa mawe makubwa na makorongo kama yetu. Tunawasihi waanze na vyumba.

Kosa la miraba linapimika. Mraba wa sentimita 3 una mshazari, yaani mstari wa kona hadi kona, wa sentimita 4.2, kwa hiyo kete yenye hatua 6 huenda sentimita 18 ikinyooka, na zaidi ya 25 ikikata mshazari. Sataranji imelikubali kosa hilo: mfalme hutoka kona hadi kona ya pili kwa hatua 7, sawa na anayefuata ukingo. Katika mchezo wa kurushiana mishale halivumiliki, kwani kila mchezaji atashambulia kwa mshazari tu. Dawa yake ni kuhesabu mshazari wa kwanza hatua 1, wa pili hatua 2, wa tatu 1, na kuendelea hivyo. Hatua 6 zitatoa mishazari 4, yaani sentimita 17. Hesabu hiyo idumu zamu nzima. Ikianza upya kila kete inapokata kona, mchezaji hujipatia hatua za bure.

Bora zaidi ni mpango wa pembesita, ambamo kila chumba kina majirani 6, na hakuna haja ya bikari kuupata. Kwenye karatasi ya manila chora safu za vyumba vya upana wa sentimita 3.5 na kimo cha sentimita 3, kila safu ya pili ikisogezwa nusu chumba, kama fundi anavyopanga tofali. Kila chumba kitagusana na vingine 6, na kutoka kitovu hadi kitovu cha jirani yeyote ni karibu sentimita 3.5. Kasoro hazitoweki kabisa: hatua 6 za ulalo ni sentimita 21, ila za kupanda wima ni 18, kwa sababu njia inapinda huku na huku. Ukuta wa wima nao hupasua vyumba katikati kila safu ya pili. Andikeni mapema kwamba chumba kilichofunikwa nusu au zaidi hakipitiki.

Mwendo huru si jambo jipya. Mchezo wa vita wa Hellwig, Ujerumani, 1780, ulikuwa wa miraba. Ule wa Reisswitz, wa Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, 1824, uliiondoa, ukapima mwendo juu ya ramani ya kipimo cha 1:8,000. Lakini ulikuja na mwamuzi, na huyo ndiye vijana wetu wanayemsahau. Katika mchezo wa kompyuta Baldur's Gate 3 wa 2023 hakuna miraba, na kazi ya mwamuzi inafanywa na kompyuta inayopima kila hatua.

Mezani pasipo mwamuzi mambo huharibika haraka. Kete ya kizibo cha soda ina upana wa karibu sentimita 3. Mchezaji akipima kutoka ukingo wa mbele, kisha akaweka ukingo wa nyuma pale kipimo kilipoishia, mwendo wa sentimita 15 umekuwa 18. Pimeni mbele hadi mbele. Kuzunguka jiwe tumieni uzi usiovutika, wenye alama kila sentimita 5, rula haipindi. Tena mchezaji atangaze nia kabla ya kugusa kete: "Nasimama nje ya shabaha yako." Mwenzake akikubali kwamba nafasi ipo, ugomvi wa milimita umekwisha.

Kwenye simu kikwazo ni kidole. Kitufe kinachogusika bila kukosea kinahitaji karibu milimita 9, na kioo cha upana wa milimita 65 kinabeba safu wima 7 tu za vyumba hivyo. Ubao wa 7 kwa 12 una vyumba 84, na programu hata katika simu dhaifu huweza kukagua kimoja kimoja kabla ya kumsogeza adui inayemwendesha. Kwenye mwendo huru sehemu za kusimama hazina idadi, hivyo mbunifu lazima achague chache za kukaguliwa, na adui huonekana mjinga zikichaguliwa vibaya. Anayeutaka hata hivyo aoneshe eneo linalofikika, kivuli cha kete pale itakaposimama, na kitufe cha kuthibitisha. Pasipo hivyo, kidole kikiteleza milimita 2 askari anabaki nje ya kinga.

Wabunifu wa michezo ya mezani na ya simu,
Dodoma