Kifua changu hakina mshono

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita iliita ablesheni, yaani tiba ya mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ovyo, "upasuaji wa kuchoma moyo". Mama mkwe wangu aliisoma, akaanza kunikagua kifua akitafuta mshono. Hakuna. Alama yangu iko kinenani, nayo ni ndogo kuliko kovu la chanjo begani.

Kwa miaka 9 moyo wangu ulikuwa na kichaa chake. Nikiinama kufunga kamba za viatu, mara unadunda 190 kwa dakika, robo saa nzima, kisha unatulia ghafla. Nikifika hospitali kipimo cha ECG, kile cha umeme wa moyo, kinatoka safi, narudishwa nyumbani na vidonge vya wasiwasi. Nami nikaanza kuamini nina wasiwasi, wallahi. Siku moja ukakataa kutulia, muuguzi akanibandika nyaya ukiwa bado mbio. Karatasi ile ndiyo iliyonitetea: umeme wa moyo ulikuwa umepata njia ya pili, ukizunguka mle mle kama ngamia wa kinu.

Nilitibiwa nikiwa macho, kwa ganzi ya kinenani na dawa kidogo ya kunituliza. Mirija myembamba ilipitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni; sikuihisi. Kilichonitia hofu ni pale walipouchokoza moyo makusudi uanze mbio, wapate kuona umeme unapita wapi. Kisha ncha ya mrija ikapashwa moto kwa mawimbi ya redio, wakachoma kisehemu cha milimita chache. Baadaye nililazwa chali kwa muda wa saa 4 bila kukunja mguu. Mgongo uliniuma kuliko kifua!

Hatari zipo. Kabla sijatia saini niliambiwa kwamba kwa aina yangu hupona takriban 95 kati ya 100, na kama mmoja huenda akahitaji betri ya moyo, kifaa kinachopachikwa mwilini kuusaidia moyo kudunda, maana wanachoma jirani kabisa na njia halali ya umeme. Wale ambao vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo hawana bahati hiyo: baadhi yao hurudia matibabu, na wengi huendelea na dawa za kuzuia damu kuganda. Ninyi mmetutia sote kapu moja.

Mkiandika tena, waambieni wasomaji wapimwe ECG moyo ukiwa mbio, au waombe kile kifaa cha kuvaa kinachorekodi mapigo kwa saa 24. Mimi hakuna aliyeniambia.

Msomaji wenu