Tuhesabu saa za zamu, siyo majina ya ikama

Mhariri,

Ukiuliza wilaya yoyote ya mkoa huu wa Dodoma ina wauguzi wa kutosha, utajibiwa kwa ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa: nafasi kadhaa, zilizojazwa kadhaa, pengo kadhaa. Sisi tunaomba hesabu nyingine, ile ya saa.

Mwaka una saa 8,760. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Toa likizo hiyo, kisha toa wiki tatu za sikukuu, ugonjwa, misiba na semina (hapo tumebana sana), muuguzi anabaki na saa 2,025 hivi. Gawanya. Nafasi moja ya zamu, usiku na mchana, inahitaji watu wanne na theluthi. Kituo cha afya kinachotaka muuguzi mmoja wodi ya wazazi na mwingine kwa wagonjwa waliobaki kinahitaji tisa, kabla hujagusa kliniki ya mama na mtoto ya asubuhi.

Sasa kipe kituo hicho sita. Mmoja yuko likizo ya uzazi, siku 84, au 100 akijifungua mapacha. Wa pili yuko masomoni. Wa tatu ameazimwa ofisi ya wilaya kusaidia takwimu "kwa muda", na wote tunajua muda huo huwa mrefu kiasi gani. Wanabaki watatu, lakini kwenye taarifa bado ni sita.

Hapo usiku unakuwa wa mtu mmoja. Mama aliye katika uchungu uliokolea husikilizwa mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Aliyekwisha kujifungua huangaliwa kila dakika 15 kwa saa mbili za mwanzo: mapigo, shinikizo la damu, damu inayotoka, na kama mji wa mimba umekaza. Wakija wawili, mmoja akianza kusukuma, muuguzi hawezi kuondoka pale, na wa kitanda cha pili anaweza kuvuja damu bila hata kulalamika. Patografu hujazwa asubuhi kwa kumbukumbu. Msimamizi akija anaikuta safi, anaisifia.

Dawa ya kwanza ni wauguzi wa akiba. Kila halmashauri iwe na angalau watatu wasiopangiwa kituo, wanaokwenda panapotokea likizo ya uzazi au masomo. Vyuo vinatoa wahitimu kila mwaka na wengi wako nyumbani wanasubiri ajira, hivyo mikataba ya muda kwa mapato ya ndani inawezekana. Mambo mawili huiharibu: leseni kutokaguliwa kabla ya kusaini, na mshahara kuchelewa. Ukichelewa miezi miwili, usishangae mtu akikimbilia duka la dawa mjini.

Likizo ya uzazi, hata hivyo, ndiyo rahisi kuliko zote kupanga, kwa sababu taarifa yake huja miezi kabla. Tena sheria hiyohiyo inakataza kumpanga mjamzito zamu ya usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, na miezi miwili baada yake. Kwa hiyo usiku hukosa mtu mmoja kwa miezi minne au mitano. Rosta nyingi hushtuka wiki ya mwisho.

La pili ni namna ya kuwapanga wapya. Mhitimu akipelekwa peke yake zahanati ya Chemba au Bahi, ataomba uhamisho kabla mwaka haujaisha, na Jiji liko karibu linamvuta. Wapelekwe wawili wawili. Waripoti kabla ya Desemba, maana mvua zikianza makorongo hujaa na barabara hukatika. Fedha ya kujikimu ilipwe wiki anayoripoti. Nyumba iwe na tenki la maji na taa ya sola; maji ya visima vyetu mengi ni ya chumvi, na mtu aliyetoka usiku hapaswi kubeba ndoo kilomita tatu. Miezi sita ya kwanza awe na muuguzi mzoefu wa kumpigia simu hata saa nane za usiku, na jina la mzoefu huyo liandikwe kwenye barua ya kupangiwa kazi. Akiambiwa tu "uliza wenzako", hatauliza.

Ruhusa za masomo nazo ziende kwa foleni iliyoandikwa na kubandikwa, mmoja arudi ndipo mwingine aende. Penye foleni ya siri watu huondoka bila ruhusa.

Tunawaomba waganga wakuu wa wilaya waanze na jambo lisilo na gharama: taarifa ya robo mwaka iwe na safu moja ya ziada, inayoonyesha ni mara ngapi kila kituo kililala usiku na muuguzi mmoja.

Wakufunzi wa uuguzi,
Dodoma