Waridi jekundu la Aprili

Headington, Oxford
25 Aprili

Shoga yangu kipenzi,

Salamu nyingi, na mama mkubwa mpe mkono wangu. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo imekataa kuondoka.

Uliniuliza kama Waingereza nao wana ngoma zao. Juzi nimeziona kwa macho yangu. Ilikuwa tarehe 23, siku ya Mtakatifu George, mtakatifu mlinzi wa England. Kwa England si siku ya mapumziko, na mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku, mara mzee jirani yangu anapiga hodi, koti limechomekwa waridi jekundu. Ni mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Mtakatifu George, chama cha tangu 1894 cha kuenzi nchi yao na mila zake. Sikufichi, ile bendera yao nyeupe yenye msalaba mwekundu nikiiona imetundikwa dirishani kwa mtu, nilikuwa nakaza mwendo kwa hofu. Mzee akanipa waridi la pili, akasema twende.

Wanaume sita wa makamo, nguo nyeupe, na chini ya magoti wamefunga njuga! Njuga, shoga, zimeshonwa kwenye vipande vya ngozi, na kila mkono umeshika kitambaa cheupe. Wanaruka pamoja, wanatua pamoja. Mlio ule ulinitoa Oxford ukanirudisha uwanjani kwetu. Machozi yalinilenga.

Ngoma hiyo, morris, nusura ipotee. Siku ya pili ya Krismasi mwaka 1899, papa hapa Headington, wanaume waliokosa kazi kwa sababu ya baridi walitoka kucheza wapate chochote. Mwalimu wa muziki, Cecil Sharp, akawaona. Kesho yake akamwita mpiga konsatina wao, William Kimber, aliyekuwa mwashi, akaziandika nyimbo zake moja moja.

Na huyo George wala si Mwingereza. Husimuliwa kuwa alikuwa askari wa Roma aliyeuawa kwa imani yake, na kaburi lake huzuriwa Lod, mji ambao leo uko Israeli. Kule Waislamu wengi humwita al-Khadr, yaani Khidhri yule yule wa visa vya babu! Nilipomwambia mzee, alinishika mkono akanyamaza kitambo.

Kisha akaniuliza bibi zangu walicheza nini. Nikamwambia lelemama, nikamtajia vyama vya Mombasa, Banu Saada na Ibinaal Watan, na walivyoshindana kwa mavazi na karamu. Akaomba nimwimbie. Shoga, sikuwa na hata ubeti mmoja. Nilirudi nyumbani usingizi wote umeniruka.

Basi nakuomba, Ijumaa ukienda kwa bibi, mrekodi kwa simu, maneno na makofi. Akisahau katikati usimkatize, mwache akumbuke mwenyewe. Pesa ya bando nitakutumia kesho.

Wako akupendaye,
shoga yako wa Oxford