Tupande, Tusivuke: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa wakazi wa Bonde la Msimbazi, wazee wetu, kina mama, vijana, na ninyi wenyeviti wapya wa mitaa mliochaguliwa tarehe 27 Novemba mkaitikia mwaliko wetu: Assalam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Naomba kwanza tusimame tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Asanteni, tuketi.

Mwaka tunaoufunga ulikuwa mzito. Mvua za El Niño zilizoanza vuli ya 2023 hazikupumzika mpaka zikaungana na masika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba Watanzania 155 walikuwa wamepoteza maisha kwa mafuriko na maporomoko. Rufiji mashamba yaligeuka ziwa. Mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikasogea hadi karibu na Mafia, na pwani nzima ikakesha ikisikiliza redio. Kwetu Msimbazi, hapa Dar es Salaam, tuliendelea na yetu: Barabara ya Jangwani inafungwa, inafunguliwa, inafungwa tena, na watu wanashuka kwenye mabasi ya mwendokasi Magomeni wasijue wafikeje Kariakoo.

Taarifa za miaka iliyopita zilijaa mitaro, na mitaro nitaigusa. Lakini leo muda mwingi nitautumia kwenye jambo moja ambalo kamati yenu imelibeba mwaka mzima: maji yakija, mtu wa bondeni anaondokea wapi?

Mto wetu wa Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu huko Kisarawe, unatembea kilomita zipatazo 35, unaingia baharini pale Daraja la Selander. Huko juu mteremko ni mkali na udongo ni wa kichanga. Miti ikikatwa na vilima vikijengwa, mvua inaukwangua ule mchanga na kuushusha. Ukifika Jangwani ardhi imelala, maji yanaishiwa nguvu, mchanga unatua hapohapo. Ndiyo maana mto unapungua kina chini ya daraja hata mahali ambapo hakuna aliyetupa taka. Na mvua ikikutana na bamvua, bahari imejaa, maji ya mto hayana pa kutokea. Yanarudi nyuma na kutanda majumbani. Kwa hiyo mkazi wa bondeni anahitaji kujua mambo mawili kabla hajalala: mvua iliyonyesha Pugu, na saa ya maji kujaa Selander. Anga la Magomeni linaweza kuwa jeupe kabisa na mto ukaja.

Sasa tazameni barabara tunazozitumia kila siku. Barabara ya Morogoro inakata bonde pale Jangwani. Barabara ya Kawawa inalikata kati ya Ilala na Magomeni. Mtu akishtuliwa usiku, miguu yake inaelekea kule inakokwenda kila asubuhi: kituoni, darajani, mjini. Anayafuata maji. Wataalamu wa uokoaji wanasema maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 30 yanaweza kulichukua gari dogo. Sentimita 15 hazifiki hata nusu ya kimo cha goti. Sisi tumezoea kukunja suruali na kuvuka, na hapo ndipo tunapopoteza watu.

Kanuni tuliyoipitisha mwezi Februari ni fupi ili hata mtoto aishike: tupande, tusivuke. Kila kaya inaondoka kwa ukingo wake, ikiupa mto mgongo, kuelekea juu. Wa upande wa Magomeni anapanda Magomeni. Wa upande wa Ilala anapanda Ilala, hata kama mama yake, genge lake au bodaboda yake iko ng'ambo. Najua ni kanuni ngumu. Mzee mmoja alisimama kwenye kikao akauliza, je, mwanangu akiwa ng'ambo? Tulijadili mpaka usiku, tukakubaliana kwamba kila mwanachama ataandika jina la mtu wa ukingo wa pili atakayempokea mwanawe, ili pasiwe na mzazi wa kuvuka kumfuata. Daftari hilo liko kwa Katibu. Wengi bado hamjajaza. Nawasihi mjaze leo kabla ya kuondoka.

Vijana wetu waliifanya kazi ya ramani kwa bidii ya kupigiwa mfano. Hawakuanzia sifuri: tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wenyewe kuchora kata zinazofurika, mifereji na vichochoro vyake, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Kazi yetu ilikuwa kuzitembelea ardhini. Tuliwachukua wazee wanaokumbuka Desemba 2011, mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuwahi kuonekana mfano wake jijini tangu 1954, iliyoua watu wasiopungua 40. Wazee walituonyesha madoa ya maji kwenye kuta, na sisi tukauliza kila kichochoro maswali yaleyale. Je, machela inapita? Kinakatwa na mtaro? Kina taa? Mwisho wake kuna nini?

Majibu yalitutoa jasho. Kichochoro kilichoonekana kizuri kuliko vyote kwenye ramani kimeliwa na ukuta wa nyumba mpya. Anapita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Kingine kinapanda vizuri kabisa halafu kinaishia kwenye lango la shule ambalo usiku linafungwa kwa kufuli. Tulizungumza na mwalimu mkuu, naye kwa moyo wa kizalendo akakubali ufunguo wa pili ukae kwa mtendaji wa mtaa na wa tatu kwa mama anayeuza chapati jirani na lango, kwa kuwa yeye halali mbali na hapo. Suala la ukuta bado liko kwenye usuluhishi, na sitalisema zaidi ya hapo. Isipokuwa hili: njia ya kuondokea isiyoandikwa popote kwenye mipango miji itamezwa na ukuta mwingine kesho. Ndiyo sababu tumeomba kwa maandishi halmashauri zote mbili ziziingize njia hizi kwenye ramani zao rasmi.

Nasema zote mbili kwa sababu umoja wetu una wanachama kingo zote. Tangu 2021 upande wa Ilala ni Halmashauri ya Jiji, na upande wa pili ni Manispaa ya Kinondoni. Kila moja ina bajeti yake na kamati yake ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati hizo ziwepo kuanzia taifa na kushuka hadi ngazi ya chini kabisa. Ombi letu kwenu wenyeviti wapya ni kwamba kamati zenu zikutane Januari na Februari, wakati vumbi bado linatimka. Kamati inayoitishwa maji yakiwa sebuleni haiwezi kupanga njia, inaweza tu kuhesabu hasara. Watangulizi wenu tuliwakabidhi ramani. Ninyi pia mtapata nakala zenu leo, na vijana watatembea nanyi kila njia.

Kuna jambo jipya ambalo halikuwepo tulipoanza kazi hii, na ningependa mlisikilize kwa makini. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao mwaka 2022 Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200, nazo Uholanzi na Hispania zikaunga mkono, unakusudia kuupanua mto, kuinua daraja jipya la Jangwani na kugeuza sehemu ya chini ya bonde kuwa bustani ya jiji. Nyumba za chini kabisa zimebomolewa na wenzetu wamehama. Moyo unauma kuagana na majirani wa miaka mingi, lakini nafurahi kwamba hakuna mtoto atakayelala pale masika ijayo. Waliohamishiwa Mabwepande baada ya 2011 walituonyesha shida ya mtu kupelekwa mbali na kibarua chake; baadhi walirudi. Kwa hiyo wanachama waliohama wabaki kwenye daftari letu, tuendelee kuulizana hali.

Lakini fikirini hili. Kwa miaka yote, nani alikuwa anapiga kelele kwanza mto ukipanda? Ni wale wa chini. Maji yaliingia kwao saa moja au zaidi kabla ya kufika kwetu, nao wakapiga mabati na kuita majina. Leo hawapo. Sisi tuliokuwa safu ya pili sasa ndio safu ya kwanza, na kengele yetu imeondoka nao. Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mengine yote.

Ndiyo maana tumeunda zamu za walinzi wa mto. Tumechora mistari ya rangi kwenye nguzo ambazo wenyewe walituruhusu, na utaratibu unafuata lugha ileile ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Likitolewa angalizo, rangi ya njano, wajumbe wanahakikisha simu zina chaji na nyaraka ziko kwenye mfuko wa nailoni. Ikitolewa tahadhari, rangi ya machungwa, wazee, wajawazito, wagonjwa na wenye ulemavu wanapanda mchana huohuo, kwa bajaji zilizokubali kulipwa na mfuko wetu. Ikiwa tahadhari kubwa, nyekundu, zamu inakesha. Maji yakigusa mstari wa kwanza, filimbi na vipaza sauti vya misikiti na makanisa vinatoa tangazo moja: pandeni. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini msisubiri wafike ndipo muanze kupanda.

Wapo wanaokataa kuondoka. Tuliwauliza kwa nini, na wengi hawakusema kwamba hawaogopi maji. Wanaogopa wezi. Mtu amejinyima miaka kununua friji na cherehani, unamwambia aache mlango akapande mlimani gizani. Hofu hiyo ni ya kweli na haiondolewi kwa hotuba. Tumekubaliana na ulinzi shirikishi kwamba likitoka tangazo watasimama kwenye midomo ya vichochoro vya juu, mahali pakavu, na hakuna mzigo utakaopita bila mwenyewe kutambuliwa. Naamini mpango huu utaokoa maisha mengi kuliko kibao chochote cha mshale.

Wengine tusiowafikia bado ni wapangaji. Hawaji mikutanoni kwa sababu wanadhani umoja ni wa wenye nyumba, na wengi wamehamia juzi, hawajawahi kuuona mto umekasirika. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya miezi sita awe pia amemwonyesha mpangaji wake njia ya kupandia. Kamati inapendekeza hilo liingie kwenye katiba yetu, na mtalipigia kura.

Mitaro, kwa ufupi. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif walijenga mifereji na barabara zao kwa mikono yao, kwa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Kazi Duniani, na kazi ile inasifiwa mpaka leo. Nasi tumeendeleza usafishaji wa kila mwisho wa mwezi. Kumbukeni barua inakopelekwa: mtaro wa barabara ya mtaa ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wa barabara kuu ni wa TANROADS, wakala wa barabara kuu, taka ni za halmashauri, na mto wenyewe uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Barua ikienda ofisi isiyohusika, masika inapita. Tuache pia kutapisha vyoo mvua ikinyesha. Kipindupindu hakichagui ukingo. Na wanaojenga ndani ya mita 60 kutoka mtoni wajue kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, haiwalindi.

Jumamosi ya kwanza ya Februari tutatembea njia zote usiku, taa zikiwa zimezimwa, pamoja na wazee wetu na viti vyao vya magurudumu. Kila mjumbe wa shina aje na wapangaji wake. Tarehe za bamvua za Machi hadi Mei zitabandikwa kwenye ofisi za mitaa na dukani kwa kila balozi.

Namkaribisha Mhazini asome hesabu, kisha tuamue kuhusu mchango wa taa za sola kwa njia mbili zilizobaki gizani.