Taarifa ya mwaka 2025 ya mwenyekiti kwa wanachama: wanafunzi wa zamani na mabaharia wastaafu wa Bukavu

Wapendwa wanachama, baba na mama, wandugu wa shule na wandugu wa ziwa, jambo sana.

Kwanza namshukuru Mungu aliyetukutanisha tena. Mwaka ulipoanza hatukujua kama tutafika hapa. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari, kisha Bukavu katikati ya Februari, boti zilisimama, benki zikafunga milango, na kila mmoja wetu akajifungia kwake na watu wake. Jumamosi tano zilipita bila benchi hata moja kutolewa nje. Jumamosi ya sita walikuja watu saba. Hawakuwa na ajenda. Mmoja aliuliza makala yanauzwa bei gani Kadutu, mwingine akasema magoti yanamsumbua kuliko bei ya makala, wa tatu akaeleza jinsi wajukuu wake walivyolala chini ya meza siku mbili. Tulikaa mpaka giza likaingia. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba chama kipo.

Naanza na hilo kwa sababu. Mkumbuke kwamba mkutano mkuu uliopita ulipokea hoja ya kupunguza mazungumzo ya Jumamosi, yawe mara moja kwa mwezi, ili nguvu zetu ziende kwenye michango, misiba na pensheni. Waliotoa hoja walikuwa na nia njema, na kamati iliahidi kuiangalia mwaka mzima. Tumeiangalia. Karibu kila jambo jema nitakalolitaja katika taarifa hii lilizaliwa kwenye zile benchi, watu wakiongea mambo ya kawaida. Kwa hiyo naomba Jumamosi zibaki zote.

Tumezika wenzetu watatu mwaka huu. Majina yao yamesomwa kabla ya sala, sitayarudia. Wawili walikuwa wa darasa letu. Wa tatu alikuwa fundi wa mashine aliyefanya kazi kwenye Ziwa Kivu zaidi ya miaka thelathini. Wengi wenu mlimwona akiweka kiganja juu ya injini inayonguruma, akifumba macho, kisha akisema ni silinda gani inaanza kuchoka. Vijana walikuwa wanabisha, wanafungua, wanakuta ni ile ile. Alifariki Mei. Wiki mbili kabla alikuwa hapa, ameahidi kutueleza Jumamosi inayofuata namna ya kuisikiliza pampu ya mafuta. Jumamosi hiyo alikuwa hospitalini, na maelezo yale ameondoka nayo.

Kifo hicho ndicho kilichotufanya tununue daftari. Ni daftari kubwa la kurasa mia mbili, jalada gumu jekundu, na katibu wetu, aliyefundisha shule ya msingi maisha yake yote na ana mwandiko unaosomeka, amekubali kuandika kinachosemwa. Mwanzoni wazee waliogopa, wakaongea kama wako mahakamani. Baadaye wakasahau kwamba kuna kalamu.

Yaliyoingia humo ni mengi. Nitaeleza machache.

Nahodha wetu mkongwe alieleza jinsi alivyojifunza njia ya usiku kutoka Bukavu kwenda Goma, karibu kilomita mia moja za maji, akiwa kijana wa kushika kamba. Ukitoka kwenye rasi zetu za hapa unajua uko wapi kwa taa za nyumba. Ukiingia kati ya kisiwa cha Idjwi na Kalehe unategemea umbo la milima dhidi ya anga. Lakini Idjwi ikibaki nyuma, alisema, ulikuwa unatafuta wingu jekundu juu ya Nyiragongo, mlima wa moto, na hilo ndilo lilikuwa taa ya Goma. Kisha ikaja tarehe 10 Januari 1977: lava ya kreta ikapasua ubavu wa mlima na kumwagika yote, ikaua watu wengi. Baada ya hapo usiku wa kaskazini ukawa mweusi. "Tulijihisi kama mtu aliyehamishiwa taa yake," alisema. Mpaka mwaka wa 1982 ndipo mwekundu ule ulianza kurudi. Mimi nimeishi Bukavu maisha yangu yote, nimesoma habari za mlima ule mara nyingi, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu waliokuwa wanaendesha boti kwa mwanga wake.

Mwingine alikuwa ziwani tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji wa Goma mpaka ikaingia majini. Anachokumbuka zaidi ni sauti, kama mafuta ya kukaangia yanapodondokewa na maji, isipokuwa haikukoma. Walichukua watu mpaka hakukuwa na pa kukanyaga. Mama mmoja alipanda na mlango wa nyumba yake, mlango tu, ameubeba kichwani. Nahodha hakuwa na moyo wa kumwambia auache.

Na tuna mmoja tu aliyefika baharini kweli, aliyepanda meli ya mizigo Matadi na kwenda nayo hadi Antwerp mara nyingi. Kwa muda mrefu alikuwa ananyamaza, kwa sababu sisi wa Kivu na wale wa Kalundu na Kalemie, bandari za Tanganyika, huwa tunaongea kana kwamba hakuna maji mengine duniani. Mwezi wa Agosti alieleza jinsi bahari inavyopanda na kushuka mara mbili kwa siku, na jinsi mto wetu wa Kongo unavyoitia bahari rangi ya kahawia kule Banana, mdomoni mwake, hata meli ikiwa imeshaiacha nchi kavu. Kuna waliobisha kuhusu kupanda na kushuka. Mjadala ule ulichukua Jumamosi mbili na nimefurahi kwamba ulichukua mbili.

Kuhusu sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wandugu, naomba tufunge mjadala wa asili yao. Si samaki wa mababu zetu wa Kivu. Walitolewa Tanganyika na kutiwa ziwani kwetu kati ya mwaka wa 1958 na 1960. Maana yake wengi wetu tulizaliwa kabla kidogo tu ya wao kufika, na wazazi wetu walikula bugali na samaki wengine kabisa. Sambaza ni wa rika letu.

Upande wa shule, daftari limetusaidia hata katika hesabu. Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 1972, tulipoamriwa na serikali ya Mobutu kuacha majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Mwalimu aliingia na orodha mpya, akaita jina, kimya. Akaita tena, kimya. Mwenye jina alikuwa amekaa benchi la mbele, anamtazama mwalimu machoni, hajui kwamba ndiye anayeitwa, kwa kuwa baba yake alikuwa amemchagulia jina la babu jana yake usiku. Alipigwa kiboko kwa utoro akiwa darasani. Alisimulia hayo mwezi wa Juni, na mweka hazina akashtuka: jina lile lilikuwa kwenye kitabu cha michango, na jina la ubatizo la mtu yule yule lilikuwa ukurasa mwingine. Alikuwa ameandikwa mara mbili tangu tuanze chama, na kwa uaminifu wake alikuwa analipa kila alipodaiwa, kwa jina lolote. Tumemrudishia alichozidisha. Kuanzia sasa kitabu kitakuwa na majina yote mawili ya kila mtu kwenye mstari mmoja, kwa kuwa wapo wengine walioitwa jina moja shuleni na lingine kwenye boti.

Sasa jambo ambalo liko moyoni mwangu kuliko yote. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa gatini wanaiona. Wengi walikufa, na wengi wao walikuwa wamekaribia kiasi cha kutambua nyuso za waliokuja kuwapokea. Wazee wetu wa ziwa hawakuweza kulizungumza kwa miezi. Lilipozungumzwa hatimaye, mwezi wa Julai, halikuanza kama ajenda. Kijana mmoja anayeendesha boti ya mizigo, mjukuu wa mwanachama, alikuja kumchukua babu yake, akasikia, akauliza: kama upepo unakuja, kwa nini mtu asitie nanga tu? Wakamjibu kwamba katikati ya Kivu kuna mahali maji yana kina cha karibu mita 480, na kamba yake ina mita ngapi? Akanyamaza. Kisha akauliza swali la pili, kwa nini boti iliyobeba mzigo ule ule jana ikafika, leo ipinduke.

Nahodha wetu hakumjibu kwa maneno. Aliomba beseni la maji, kopo tupu la maziwa ya unga na vikombe viwili vya maharagwe. Akamimina maharagwe ndani ya kopo: likazama kidogo, likasimama wima, ukilisukuma linarudi. Akayatoa, akafunga kopo kwa kifuniko, akayarundika maharagwe yale yale juu ya kifuniko. Hakuhitaji kulisukuma. Aliligusa beseni kwa ukucha tu, maji yakatikisika, kopo likalala ubavu na maharagwe yote chini. "Uzito ni ule ule," alimwambia. "Wewe unapakia magunia chini halafu unaruhusu watu wapande juu ya paa. Na watu hawatulii kama maharagwe. Gati likionekana wote wanakimbilia upande mmoja."

Kijana yule alirudi Jumamosi iliyofuata na wenzake wanne. Sasa wanakuja kumi na mbili, kumi na watano. Wanaleta viazi na kabichi kutoka upande wa Goma wakijaliwa, wanauliza, wanabishana, na katibu anaandika. Watatu kati yao wametuambia kwamba sasa wanahesabu watu kabla ya kung'oa nanga, na mmoja alikataa abiria wa juu ya paa akapoteza nauli ya siku nzima. Kamati imenunua jile kumi za kuelea, zile jaketi za kuokoa mtu majini, tumewapa waazime kwa zamu. Ni chache mno. Najua. Lakini mwaka jana zilikuwa sifuri.

Wajane wa wenzetu sasa ni wanachama kamili wenye kura. Hili nililipendekeza mimi na nililipigania. Mmoja wao alitueleza kwamba kwa miaka ishirini na sita aliwasha mbabula, jiko lake la makala, kwa honi. Nyumba yao ilikuwa Nguba, na alikuwa anaitambua honi ya boti ya mumewe kati ya zote, ndefu moja na fupi mbili, hata mvua ikinyesha. Akiisikia, anatia makala. Mume akifika mlangoni, sombe iko tayari. Usiku mmoja alisikia ndefu moja, fupi moja. Alikaa mpaka asubuhi bila kuwasha moto. Kumbe honi ilikuwa imeharibika. Mwanamke aliyesikiliza ziwa namna hiyo ana haki gani pungufu kuliko sisi? Tena ndiye anayetusahihisha tarehe, na bado hajakosea.

Fedha. Dola 412 zetu ziko kwenye akaunti ambayo haijaguswa tangu benki ifunge, na tawi halijatupa jibu la kueleweka. Mchango wa dola 2 kwa mwezi umelipwa na wanachama 23 kati ya 34. Waliokwama tumewapokea na kipimo cha maharagwe au sambaza, vikaenda moja kwa moja kwenye misiba, na sioni aibu katika hilo. Michango ya misiba yote mitatu ilipita kwa simu na ilifika siku ile ile. Mweka hazina ataonyesha kitabu kwa yeyote anayetaka.

Pensheni za mabaharia hazijasogea. Kampuni waliyoitumikia ilikufa, na ofisi tuliyoiandikia barua nne imejibu moja, ikituomba karatasi ambazo tulikwisha kuzipeleka. Watu waliovusha mji huu chakula kwa miaka thelathini wanauza vitunguu mlangoni. Inaniuma, na tutaandika barua ya tano.

Nilitaka pia niseme kuhusu chupa za plastiki. Zinashuka na mvua kutoka vilimani, zinaelea mpaka pale mto Ruzizi unapotoka ziwani, zinaziba mitambo ya umeme, kisha tunakaa gizani tukilalamika. Mwezi wa Novemba tuliokota magunia kumi na nane ufukoni, wazee na vijana wa boti pamoja. Tutarudia Februari, wakati mvua imepungua kidogo.

Jumamosi ijayo tunaanza saa tisa alasiri. Mwenye picha ya darasa ya mwaka 1974 ailete, katibu anataka kuandika majina kabla hatujayasahau. Fundi aliyebaki wa mashine ataeleza pampu ya mafuta, kadiri anavyokumbuka maneno ya marehemu. Na aliyeazima beseni la bluu alirudishe kabla ya Ijumaa, kuna vijana wapya kutoka Birava wanaokuja kuona maharagwe.

Asanteni sana.

Mwenyekiti wenu,
Bukavu, Desemba 2025